Solo za Swing Juu ya Kodi ya Dominanti: Njia ya Mwanafunzi wa Gitaa

  

Mhadhara huu una lengo moja: kueleza jinsi mwanafunzi anavyoweza kujifunza solo za jazz ya swing ya awali, yaani ile ya mwisho wa miaka ya 1920 hadi mwanzo wa miaka ya 1940, hasa pale wimbo unapopita juu ya kodi ya dominanti, ile ambayo wapiga gitaa wengi huiita "seveni": G7, C7, D7 na wenzake. Dai lenyewe ni hili: wapiga gitaa wa zama zile walijenga solo kutoka kwenye umbo la kodi lililo chini ya vidole vyao, wakailenga noti moja ya kodi inayofuata, kisha wakaifikia kwa wakati wake. Mwanafunzi atakayeifuata njia hiyo atasikika kama mtu wa swing mapema zaidi kuliko atakayeanza kwa kukariri skeli. Kabla ya hoja tano za kuthibitisha dai hilo, historia kidogo inahitajika.

Historia kwa ufupi

Hadi katikati ya miaka ya 1920, banjo ndiyo iliyoshika mapigo katika bendi nyingi za jazz. Sauti yake kali ilisikika katikati ya kelele za tarumbeta na ngoma. Kuanzia mwaka 1925 kampuni za santuri za Marekani zilianza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme, na gitaa, lenye sauti laini, likapata nafasi yake.

Wa kwanza kuitumia nafasi hiyo kikamilifu walikuwa wawili. Eddie Lang alizaliwa Philadelphia mwaka 1902 kwa jina la Salvatore Massaro, mtoto wa familia ya Kiitaliano. Lonnie Johnson alitoka New Orleans. Alirekodi na Louis Armstrong mwaka 1927 na Duke Ellington mwaka 1928. Katika miaka ya 1928 na 1929 wawili hawa walirekodi pamoja, gitaa kwa gitaa. Kwa kuwa Lang alikuwa Mzungu na Johnson Mmarekani Mweusi, na soko la santuri liligawanywa kwa rangi ya ngozi, jina lililochapishwa kwenye lebo kwa upande wa Lang lilikuwa Blind Willie Dunn. Lang alifariki mwaka 1933, akiwa bado kijana.

Ng'ambo ya Atlantiki alikuwako Django Reinhardt, Mroma wa kundi la Manouche aliyezaliwa Liberchies, Ubelgiji, mwaka 1910. Mwaka 1928 moto uliwaka ndani ya gari la kukokotwa alimokuwa akiishi, ukamwunguza vibaya. Kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto vilidhoofika kiasi kwamba solo zake alizipiga hasa kwa vidole viwili vilivyobaki. Mwaka 1934, mjini Paris, yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli walianzisha Quintette du Hot Club de France: fidla moja, magitaa matatu na besi, bila ngoma wala tarumbeta.

Wa nne ni Charlie Christian, aliyezaliwa Bonham, Texas, mwaka 1916 na kulelewa Oklahoma City. Mwandishi Ralph Ellison, aliyekulia mji huo huo, ameeleza jinsi Christian alivyotengeneza magitaa kwa makasha ya sigara alipokuwa mwanafunzi. Vijana waliowahi kuunda gitaa kwa galoni na waya wa breki ya baiskeli watamwelewa mara moja. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la umeme la ES-150, na Christian akalifanya kuwa sauti yake. Agosti 1939 alipelekwa Los Angeles kupimwa na kiongozi wa bendi Benny Goodman. Inasimuliwa kwamba Goodman aliita wimbo "Rose Room" akidhani kijana huyu hataumudu, nao ukaendelea kwa zaidi ya dakika arobaini kwa sababu Christian hakuishiwa na la kusema. Alifariki Machi 1942 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 25. Santuri zake na Goodman zilirekodiwa ndani ya muda usiofika miaka miwili, na wapiga gitaa wa jazz wanazisoma hadi leo.

Hoja ya kwanza: kazi ya kodi ieleweke kabla ya vidole kukimbia

Wanakwaya walioko ukumbini wana faida kubwa hapa, kwa sababu solfa wanayoitumia kanisani kila wiki inaeleza jambo lote. Tuchukue ufunguo wa C, ambapo do ni C. Kodi ya G7 ina noti nne: so, ti, re na fa, kwa herufi, G, B, D na F. Ti iko nusu toni chini ya do. Fa iko nusu toni juu ya mi. Noti hizi mbili zikisikika pamoja, sikio linakosa utulivu: ti inataka kupanda hadi do, fa inataka kushuka hadi mi. Zikifanya hivyo, tumefika kwenye kodi ya C, nyumbani. Asiyeamini na aimbe do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha anyamaze hapo. Jirani yake ataimalizia.

Basi noti za kuangaliwa katika kodi yoyote ya dominanti ni mbili: ya tatu na ya saba kutoka kwenye mzizi wake. Nyingine zinajaza; hizi mbili ndizo zinazosukuma wimbo mbele.

Nyimbo za swing zilipenda kuziunganisha dominanti kwa mnyororo, moja ikiiendea nyingine kabla ya kufika nyumbani. Wimbo "Sweet Georgia Brown" wa mwaka 1925, ukipigwa kwenye ufunguo wa F, unaanza na vipimo vinne vya D7, vinne vya G7 na vinne vya C7, ndipo F inapoingia. Daraja la "I Got Rhythm", wimbo wa George Gershwin wa mwaka 1930, kwenye ufunguo wa B-flati linapita D7, G7, C7 na F7, vipimo viwili viwili. Wanamuziki wa swing walitunga nyimbo nyingi juu ya kodi za wimbo huo. Mmoja ni "Seven Come Eleven", ambao kundi la Goodman lililokuwa na Christian lilirekodi Novemba 1939.

Sasa tazameni mnyororo huo kwenye shingo ya gitaa. Noti ya tatu ya D7 ni F-shapu, uzi wa nne, freti ya nne. Noti ya saba ni C, uzi wa tatu, freti ya tano. Pigeni hizo mbili pamoja. Kisha teremsheni vidole vyote viwili freti moja: mnapata F na B, ambazo ndizo noti ya saba na ya tatu ya G7. Teremsheni tena: E na B-flati, moyo wa C7. Teremsheni tena: E-flati na A, moyo wa F7. Daraja zima la "I Got Rhythm" limepigwa kwa vidole viwili na kwa mwendo mmoja wa kushuka freti. Kinachobadilika ni kazi tu: iliyokuwa ya tatu inageuka kuwa ya saba, na iliyokuwa ya saba inageuka kuwa ya tatu.

Mwanafunzi akae na zoezi hilo mpaka alisikie bila gitaa. Kila solo nzuri ya dominanti katika zama zile ina mistari hii miwili inayoshuka ndani yake, hata pale ambapo noti nyingi zimeifunika.

Hoja ya pili: solo ianzie kwenye umbo la kodi

Mafundisho mengi ya siku hizi humwambia mwanafunzi hivi: juu ya G7, piga skeli ya miksolidia, yaani G, A, B, C, D, E, F. Ushauri huo si wa uongo, kwa kuwa noti zote zimo. Shida ni kwamba hauzitofautishi. Mwanafunzi anapanda na kushuka, na bila kujua anatua juu ya C kwenye pigo la kwanza la kipimo. C iko nusu toni tu juu ya B, na B ndiyo noti inayoifanya G7 iwe G7. Matokeo yake solo inasikika kama imeikataa kodi, ingawa hakuna noti iliyo nje ya skeli.

Christian alifanya vingine. Solo zake zilizonukuliwa kwa maandishi zinaonyesha misemo inayozunguka maumbo machache ya kodi yanayohamishika shingoni. Django pia: vidole viwili vyenye nguvu vilimlazimu kutafuta njia ndefu zinazokata nyuzi na kupanda shingo, na njia hizo kwa sehemu kubwa ni kodi zilizotawanywa noti moja moja, zikiunganishwa kwa vipande vya nusu toni. Wote wawili walikuwa na mwalimu wa mbali mmoja, Louis Armstrong, ambaye katika santuri kama "Potato Head Blues" ya mwaka 1927 alionyesha kwamba noti za kodi zikipangwa vizuri zinatosha kabisa kuwa wimbo.

Hebu tulishike umbo linalojulikana na kila mpiga gitaa: G7 kwenye freti ya tatu, kidole cha kwanza kikiwa kimelala juu ya nyuzi zote. Kutoka uzi mnene, freti ni 3, 5, 3, 4, 3, 3. Noti ni G, D, F, B, D, G. Mwanafunzi azipige moja moja, polepole, akizitaja kwa mdomo. Halafu aongeze noti mbili tu: uzi wa pili, freti ya tano, ambayo ni E, na uzi wa kwanza, freti ya tano, ambayo ni A. Hizo ni noti ya sita na ya tisa kutoka G. Ziko chini ya kidole kidogo, hazidai mkono uhame.

Sasa aongeze moja ya mwisho: uzi wa tatu, freti ya tatu, B-flati, na papo hapo ateleze hadi freti ya nne, B. Mtelezo huo mfupi kutoka tatu ndogo hadi tatu kubwa ni sauti ya blues ndani ya swing.

Umbo moja, noti chache za nyongeza, mtelezo mmoja. Mtu anaweza kupiga mzunguko mzima wa blues kwa mali hiyo, na wapiga gitaa wa swing walifanya hivyo.

Hatua inayofuata ni kutafuta umbo la kodi jirani pale pale mkono ulipo. C7 ipo kwenye freti ya tatu hiyo hiyo: kuanzia uzi wa tano, freti ni 3, 5, 3, 5, 3. B ya G7 iliyokuwa freti ya nne ya uzi wa tatu inashuka freti moja tu na kuwa B-flati ya C7. Mkono hauruki. Ndiyo maana solo za mabingwa hawa zinasikika zimetulia hata pale kodi zinapokwenda mbio: vidole vyao vilishajua mapema noti ya kufikia, kama abiria wa daladala anayemwambia kondakta "shusha" kabla kituo hakijapita.

Hoja ya tatu: rangi za dominanti ziongezwe kwa mpango

Msikilizaji anaweza kuuliza: noti za kodi pekee hazitachosha? Zitachosha, zisipopakwa rangi. Rangi za swing ya awali ni chache na zinajulikana, na inafaa zijifunzwe moja baada ya nyingine.

Rangi ya kwanza ni zile noti za sita na tisa zilizotajwa. Aliyezifanya ziwe za kawaida katika solo ndefu ni mpiga saksafoni Lester Young. Alipita Oklahoma City akiwa na bendi wakati Christian angali kijana, na athari yake kwa Christian inasikika katika kila santuri. Anayetaka kumjua Young asikilize solo yake ya mwaka 1936 katika "Lady Be Good". Baadaye asikilize santuri za Kansas City Six za mwaka 1938, ambamo Young anapiga pamoja na Eddie Durham, mmoja wa wa kwanza kurekodi solo za gitaa la umeme katika jazz.

Rangi ya pili ni kodi ndogo iliyofichwa ndani ya kubwa. Juu ya G7, mpiga gitaa anaweza kupiga noti za Dm6, yaani D, F, A na B. Zihesabiwe kutoka G: ni ya tano, ya saba, ya tisa na ya tatu. Kila noti muhimu ipo, isipokuwa mzizi, ambao mpiga besi tayari anaupiga. Umbo hili la minor yenye sita lilipendwa sana na Django, na wafuasi wake Ulaya wanalifundisha hadi leo kama kifaa cha kwanza cha kutembelea dominanti. Kanuni ni rahisi: hesabu noti tano kutoka mzizi wa dominanti, piga minor yenye sita ya hapo. Kwa C7 ni Gm6. Kwa D7 ni Am6.

Rangi ya tatu ni diminishi. Juu ya G7, noti za B, D, F na A-flati zinaongeza ukali, kwa sababu A-flati nayo inataka kushuka nusu toni hadi G, noti ya tano ya C. Umbo la diminishi kwenye gitaa hujirudia kila baada ya freti tatu, kwa hiyo mwanafunzi akilijua mara moja, amelijua shingo nzima. Django na Christian wote walilitumia. Tahadhari: litumike mwishoni mwa kodi, pale safari ya kurudi nyumbani inapokaribia. Likipigwa mapema na kukaliwa, solo inapoteza sura ya swing ya awali.

Rangi ya nne ni noti za kukaribia. Noti yoyote ya kodi inaweza kutanguliwa na jirani yake wa nusu toni chini, au kuzungukwa, mmoja juu na mmoja chini. Ili kufika B, piga C, A-shapu, kisha B. Sharti ni moja: mgeni asikae kwenye pigo zito. Noti ya kodi ndiyo yenye haki ya pigo hilo.

Hoja ya nne: wakati ni nusu ya solo

Walimu wengi huliacha jambo hili mwisho. Mhadhara huu unaliona kuwa kubwa sawa na noti zenyewe.

Katika swing, pigo moja hugawanywa vipande viwili visivyolingana. Cha kwanza ni kirefu zaidi. Mwendo ukiongezeka, tofauti hiyo hupungua hadi vipande vinakaribia kulingana. Mwanafunzi anayeutia kila wimbo mdundo ule ule wa kuruka, wa haraka na wa polepole, atasikika kama anayechechemea. Christian alipiga misemo mirefu iliyonyooka, na nguvu yake ilitoka kwenye mahali alipoweka mkazo na mahali alipoanzia.

Kuanzia ndiko kunakomtambulisha bingwa. Msemo wa swing mara nyingi hauanzi juu ya pigo la kwanza. Unatangulia kidogo, ukiwa bado ndani ya kodi ya zamani, ukavuka na kutua kwenye kodi mpya. Zoezi moja la daraja la "I Got Rhythm" linaweza kulifundisha hili vizuri. Katika kipimo cha kwanza cha kila kodi, mwanafunzi anyamaze na kusikiliza. Katika kipimo cha pili, apige noti nne, moja kwa kila pigo, kisha atue kwenye pigo la kwanza la kodi inayofuata. Juu ya D7: A, F-shapu, A, C, kisha B ya G7. Juu ya G7: D, B, D, F, kisha E ya C7. Juu ya C7: G, E, G, B-flati, kisha A ya F7. Juu ya F7: C, A, C, E-flati, kisha D, na amefika B-flati, nyumbani.

Mara nne mfululizo noti ya saba imeshuka nusu toni ikaingia kwenye noti ya tatu ya kodi mpya. Mtu akizipiga noti hizo bila mwenzake wa kumshikia kodi, bado msikilizaji atazisikia kodi zikibadilika. Hicho ndicho kipimo cha solo ya dominanti: kodi zisikike hata zisipopigwa.

Na anayetaka kupiga solo apige kwanza mapigo. Mpiga gitaa Freddie Green aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kubaki katika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1987, akipiga mapigo manne kwa kila kipimo na solo chache mno. Nusu saa ya kupiga kodi pamoja na santuri ya Basie inamfundisha mwanafunzi mahali pigo linapokaa kuliko maelezo marefu.

Hoja ya tano: mwalimu mkuu ni santuri

Wes Montgomery wa Indianapolis, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa karne ya 20, alianza kujifunza kwa bidii akiwa mtu mzima, baada ya kusikia "Solo Flight", wimbo ambao Christian aliurekodi na bendi kubwa ya Goodman mwaka 1941. Hakusoma noti. Alizinasa solo za Christian kwa sikio kutoka kwenye santuri, moja baada ya nyingine, na kazi yake ya kwanza klabuni aliipata kwa kuzipiga solo hizo kama zilivyo. Alipozijua ndipo akaanza kusema maneno yake mwenyewe.

Utaratibu wake unaweza kufuatwa na yeyote mwenye simu. Chagua vipimo vinane tu. Daraja moja la "Seven Come Eleven" linatosha. Lisikilize mpaka uliimbe bila santuri. Litafute kwenye gitaa kwa sikio, na pale linapokimbia, tumia programu inayopunguza mwendo bila kushusha ufunguo. Halafu uliza maswali matatu kwa kila msemo: umetoka kwenye umbo gani la kodi? Umetua kwenye noti gani ya kodi inayofuata? Umeanza kwenye pigo lipi? Mwisho, uhamishie msemo huo kwenye funguo nyingine, na ubadilishe jambo moja tu, mwanzo wake au mwisho wake, ili uanze kuwa mali yako.

Maswali hayo matatu ndiyo yanayotenganisha kujifunza na kuiga. Anayenasa noti bila kuuliza atakuwa na solo moja. Anayeuliza atapata njia ya kutunga nyingine.

Msingi tulio nao na kazi iliyo mbele

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki haanzi mikono mitupu. Solfa ya kwaya imeshamfundisha ti na fa zinataka nini. Muziki wa dansi nao umeshalilea sikio lake. Bendi kama Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz zilipiga muziki uliotokana zaidi na rumba ya Kuba na ya Kongo, na magitaa yao ya solo yalicheza juu ya kodi chache ambazo dominanti ni mojawapo ya nguzo zake. Hata katika historia ya rumba ya Kongo kuna mkono wa jazz: Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazz kutoka Ubelgiji, alifanya kazi katika studio ya CEFA mjini Léopoldville miaka ya 1950 na kuchangia kueneza gitaa la umeme huko.

Tofauti inayopaswa kukumbukwa ni hii: katika rumba, dominanti kwa kawaida hurudi nyumbani baada ya muda mfupi, na mzunguko huanza upya. Katika swing, dominanti hukabidhi safari kwa dominanti nyingine, na mpiga gitaa anatakiwa kuifuata kila hatua. Kwa hiyo mpangilio wa mazoezi uende hivi: kwanza G7 peke yake, umbo moja, mpaka lizae misemo, pili, G7 kwenda C, tatu, daraja la "I Got Rhythm", nne, "Sweet Georgia Brown", ambamo kila kodi inakaa vipimo vinne na hakuna pa kujificha.

Kwa walimu wa muziki, walioko TaSUBa Bagamoyo, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi Zanzibar, vyuo vikuu na shule za sekondari, ombi ni kwamba somo la solo liingizwe mapema, likifundishwa kwa solfa na kwa sikio, badala ya kusubiri mwanafunzi amalize skeli zote. Kwa viongozi wa kwaya, wapeni wapiga gitaa wenu nafasi ya kuongoza wimbo kwa vipimo vichache kila ibada. Nidhamu ya kutua kwenye noti sahihi haipatikani chumbani peke yake.

Kwa vijana wenye magitaa, kazi ni mbili. Naseni kwa sikio mzunguko mmoja wa Charlie Christian au wa Django na muuhoji kwa maswali yale matatu. Mkimaliza, chukueni njia ile ile mwende nayo kwa Mbaraka Mwinshehe na wapiga solo wengine wa dansi, mziandike solo zao noti kwa noti, kodi kwa kodi, na mzilete mbele ya walimu wenu. Christian alipata wanafunzi walioziandika na kuzichambua kazi zake ndani ya kizazi kimoja. Za mabingwa wetu zinawasubiri ninyi, na kazi hiyo inaweza kuanza wiki hii.